Wodi Isiyofika Jioni

Wiki nzima kabla hospitali mpya haijafunguliwa, kitanda cha pembeni katika wodi ya watoto kilikuwa kinaamka na joto.

Aliyegundua ni Mama Chanjo. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ile, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Jina hilo alibandikwa na watu, maana kwa miaka ishirini na sita aliyofanya kazi kwenye zahanati ya zamani, hakuna mtoto mtaa ule ambaye hakuwahi kulia mbele ya sindano yake. Kila asubuhi alipita akitandua na kutandika upya vitanda kumi ambavyo havijalaliwa na mtu. Alitaka siku ya ufunguzi mashuka yawe yamenyooka kama karatasi. Vitanda tisa vilikuwa baridi. Cha kumi, kile kilichosogezwa pembeni karibu na dirisha, shuka lake lilikuwa na moto kama limetoka kupigwa pasi sasa hivi, na katikati ya godoro palikuwa na kishimo kidogo, kama cha mtoto wa miaka miwili aliyelala amejikunja.

Siku ya kwanza alinyamaza. Ya pili akamwita mfagizi.

"Mzee Deki, naona usingizi wa mchana umekuzidi."

Mzee Deki alikuwa pandikizi la mtu, mabega yanajaza mlango. Alikitazama kitanda, akalitazama tumbo lake mwenyewe.

"Sista, mimi na mwili huu nilale humo? Si mngekuja kunitoa na winchi!"

Wakacheka. Lakini alipoweka kiganja juu ya lile shuka, aliutoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali.

"Jua hilo," akasema. "La dirishani."

Dirisha lile asubuhi halikupata jua. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Siku ya ufunguzi ikafika kwa kishindo. Uwanjani lilifungwa turubai kubwa, watu wakajaa mpaka barabarani, na mgeni rasmi akakata utepe kwa mkasi ambao ulikuwa butu, ikabidi uutafune utepe mara nne kabla haujakatika. Kisha zikasomwa huduma: wodi ya uzazi, maabara, eksirei, duka la dawa, chumba cha upasuaji mdogo, wodi ya watoto yenye vitanda kumi na hewa ya oksijeni. Kila huduma ilipotajwa akina mama walipiga vigelegele, na wengine walijifuta machozi, kwa kuwa mpaka jana yake mtoto akizidiwa alipelekwa mwendo wa saa nne garini, na si kila aliyepelekwa alifika. Juu ya geti lilining'inia bango jipya lenye maandishi mekundu: HUDUMA KWA WOTE.

Saa nane mchana msafara wa mgeni uliondoka. Kazi ikaanza.

Wodi ya watoto ilipokea watatu siku ile. Wawili walikuwa mapacha wa miezi kumi waliokaushwa maji na kuhara. Mama yao, msichana mwembamba mwenye maneno mengi, alikaa katikati ya vitanda vyao akiwashikia dripu huku na huku. Wa tatu alikuwa mvulana wa miaka mitano mwenye homa ya mapafu, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto. Huyu aliletwa na bibi yake mzaa mama. Mama Chanjo alimvalisha kinyago cha oksijeni, akafungua mtungi, mshale wa kipimo chake ukasimama juu kabisa.

"Mtungi huu utamfikisha keshokutwa mchana," alimwambia yule bibi. "Na stoo ipo mingine sita, hatua thelathini tu kutoka hapa. Ondoa wasiwasi."

Bibi akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuweke, mwanangu."

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Mama Chanjo aligeuka kuandika kwenye daftari la wodi, na alipoinua kichwa aliona kuna mtu kwenye kitanda cha pembeni.

Hakuna aliyesikia mlango. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyevaa nguo ya rangi ya moshi, ameketi wima na mtoto mapajani, mtoto mwenyewe amefunikwa shela mpaka usoni. Barabara ya kuja hospitali ilikuwa ya vumbi, kila aliyeingia siku ile alikuwa na miguu myekundu, lakini miguu ya huyu ilikuwa safi, haina hata chembe. Na pale alipo palinuka harufu mbili ambazo hazikuzoeana: ya mawe yaliyonyeshewa mvua ya kwanza, na ya waya wa umeme unaoungua.

"Karibu, mama," Mama Chanjo akasema. "Umepitia mapokezi? Kadi ya mtoto iko wapi?"

"Nimesoma bango," yule mwanamke akajibu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya chini. "Limesema kwa wote."

"Ni kweli, lakini kuna utaratibu..."

"Tulisubiri mfungue. Wiki nzima tumesubiri hapa."

Mama Chanjo alihisi vinyweleo vya mikono vikisimama kimoja kimoja. Lakini alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi, na mikono yake ilijua cha kufanya hata pale kichwa kiliposita. Aliingiza kipimajoto chini ya shela, mtoto akiwa palepale mapajani kwa mama yake. Zebaki ilipanda, ikapanda, ikafika mwisho, kisha kioo kikapasuka kwa sauti ndogo. Alileta mzani wa kuning'iniza. Mwanamke aliutundika mzigo wake kwa shida, huku ameushikilia kwa chini, mishipa ya shingo imemtoka kwa uzito, na mshale wa mzani haukuondoka kwenye sifuri.

"Daktari," Mama Chanjo akaita bila kugeuka. "Njoo, tafadhali."

Daktari wa wodi alikuwa kijana, ndiyo kwanza ametoka kwenye mafunzo. Asubuhi ile alinyoa ndevu mpaka kidevu kikang'aa. Aliinama, akaweka kifaa cha kusikilizia moyo pale alipodhani pana kifua, akasikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akainua macho, akakutana na macho ya yule mama yakimtazama bila kupepesa, na Mama Chanjo, aliyekuwa pembeni, aliona uso wa kijana wa watu ukipauka.

"Wangu anaendeleaje?" mwanamke akauliza.

"Anaendelea... anaendelea vizuri," daktari akasema. "Usiwe na hofu, mama. Kesho utamwona anacheza."

"Umesema kesho."

"Ndiyo. Kesho."

Mwanamke alimrudisha mtoto kifuani, akamfunika vizuri zaidi.

"Basi tutangoja kesho," akasema. "Sote."

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Mzee Deki, aliyekuwa akipiga deki karibu na mlango, alichukua ndoo yake atoke kubadilisha maji. Alifungua mlango, akatoka, na papo hapo akaingia na ndoo yake kwa mlango uleule, uso ukiwatazama wao. Akasimama. Akageuka, akatoka tena, akaingia tena.

"Mzee Deki, una nini?" mama pacha akauliza huku akicheka. "Umesahau njia?"

Hakujibu. Aliweka ndoo chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

Mama Chanjo akaenda mwenyewe. Alifungua mlango, akaona korido ndefu iliyopakwa rangi wiki mbili nyuma, taa zake, benchi lake la kungojea. Akavuka kizingiti. Mbele yake palikuwa na vitanda kumi, mapacha wawili, bibi na mjukuu wake, na yule mwanamke wa pembeni akimtazama kwa upole.

Akakimbilia dirishani. Lilikuwa na nondo, na nje uwanja ulionekana wote. Mafundi walikuwa wanalifungua turubai. Mmoja alikuwa juu ya ngazi, mdomo wazi kama anamwitia mwenzake, na kamba aliyoiachia ilikuwa imesimama hewani, haikushuka wala haikupanda. Mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo ulikuwa umeganda usawa wa kichwa chake. Jua lilikuwa palepale. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika thelathini na tano.

Mama Chanjo alipiga kioo, akaita mpaka sauti ikakauka. Fundi hakugeuka.

Waliishi ndani ya alasiri ile kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuupima, ila kwa vitu vilivyoisha. Mama pacha alikuwa amekuja na nepi ishirini na nne. Zikabaki kumi. Zikabaki nne. Mkate na chai vilivyobaki kwenye sherehe viliisha. Walilala kwa zamu sakafuni, wakaamka, na mwanga wa dirishani ulikuwa uleule wa njano, umelala juu ya kigae kilekile, haujasogea hata upana wa kidole. Daktari akaanza kuota ndevu. Maji ya bombani yalitoka, lakini yalitoka na moto. Na tangu pembeni kule hadi mlangoni, bila kukatika, ulisikika wimbo wa kubembeleza mtoto, wimbo usio na maneno, na kila ulipopanda watoto wote watatu waligeuza vichwa kuutazama, hata yule mvulana aliyekuwa hajitambui.

Kila baada ya muda mwanamke aliinuka. Alitembea kitanda hadi kitanda na mtoto wake kifuani, miguu yake haitoi sauti, akimsogelea kila mmoja karibu sana.

"Wangu anaendeleaje?"

"Vizuri," mama pacha alisema huku ameziba macho ya watoto wake. "Anaendelea vizuri, dada."

"Wangu anaendeleaje?"

"Vizuri, mama," alisema Mzee Deki.

Mama Chanjo naye aliulizwa, na yeye naye, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, alijibu hivyohivyo.

Bibi ndiye aliyejaribu dua. Alipiga magoti ubavuni mwa kitanda cha mjukuu wake, akaomba kwa sauti, dua ndefu ya kumkinga mtoto na kila chenye madhara, na wenzake wakasogea nyuma yake, wakainamisha vichwa. Alipofika mwisho wakaitikia "Amina", na wakasikia sauti moja zaidi ikiitikia pamoja nao, kwa unyenyekevu, kutoka pembeni. Mwanamke alikuwa amepiga magoti vilevile. Mashavu yake yalikuwa na machozi, na machozi hayo yalikuwa yanafuka mvuke.

"Huyu si mwenzetu," bibi akanong'ona walipokaa kitako. "Lakini anamwogopa Mungu kuliko sisi. Utamfukuza na nini?"

"Punguza sauti, bibi."

"Mwanangu, mshale wa mjukuu wangu uko wapi sasa?"

Mama Chanjo hakutaka kuutazama. Aliutazama. Ulikuwa robo, na chini ya robo kulikuwa na rangi nyekundu.

Ndipo Mzee Deki akamvuta kiwiko cha mkono.

"Sista. Nifuate, ila usigeuke haraka." Akampeleka mlangoni, akaonyesha sakafu kwa ncha ya fagio. "Chumba hiki nimekipiga deki wiki tatu. Kutoka hapa mpaka dirishani ni vigae arobaini. Nimehesabu sasa hivi, nikarudia. Thelathini na kimoja."

"Umekosea."

"Ningependa sana niwe nimekosea. Angalia vitanda."

Akaangalia. Siku ya kutandika, katikati ya kitanda na kitanda palipita kigari cha dawa. Sasa mama pacha aliweza kukaa kwenye kitanda kimoja na kuweka miguu kwenye kingine.

"Vigae vinapungua lini?" akauliza.

"Anapouliza," Mzee Deki akasema. "Yaani siyo anapouliza. Sisi tunapomjibu."

Wakati huohuo mwanamke alikuwa amesimama mbele ya bibi. "Wangu anaendeleaje?" Bibi akasema anaendelea vizuri, mwanangu, na Mama Chanjo akasikia kwa masikio yake miguu ya vitanda ikikwaruza sakafu, akaona ukuta ukija, taratibu, bila haraka, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi ili akukaribie.

Alimfuata daktari, aliyekuwa amejikunja nyuma ya kabati la dawa.

"Yule mtoto ana nini?"

"Sijui, Sista. Naapa sijui."

"Ulipomsikiliza, moyo ulisikia unapiga?"

Akajifanya anasoma lebo ya chupa ya dawa.

"Daktari, nimekuuliza. Ulisikia?"

"Sikusikia kitu," kijana akasema, na machozi yakamtoka. "Palikuwa kimya. Kimya ambacho sijawahi kukisikia. Kisha nikamwangalia mama yake usoni. Wewe ungesema nini?"

Mama Chanjo mwenyewe alikuwa ameshasema lilelile mara tatu.

Alikwenda kwenye beseni, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kama afanyavyo kabla ya kumshika mgonjwa yeyote. Maji yalimuunguza. Akajifuta. Kisha akatembea kuelekea pembeni, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimejikunja vile, zilikuwa hatua sita tu.

"Mama, naomba nikupokee mtoto."

"Anapenda kwangu."

"Najua. Nipe kidogo tu, nimtazame vizuri. Ni kazi yangu."

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mikono. Mama Chanjo alijikaza kupokea moto, maana tangu mwanzo kile kifurushi kilikuwa kikiunguza mashuka, lakini kilipotua mikononi mwake kilikuwa baridi. Baridi ya sakafu. Baridi ya chuma asubuhi. Akaelewa kwamba lile joto lote lilikuwa la mama, la mapaja yake na kifua chake na vidole vyake, na kwamba mwanamke huyu alikuwa anampasha mtoto moto tangu lini haijulikani, usiku na mchana, ili asipoe.

Akafunua shela. Sitaeleza sura aliyoiona, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumweleza mtu. Alisema tu kwamba alikuwa mtoto, na alikuwa mzuri, na alikuwa amelala ubavu amejikunja, na kwamba pale alipomgusa shavuni kidole kilitoka na majivu.

Aliketi kitandani, bega kwa bega na yule mama.

"Mama," akasema, "mtoto huyu hataamka kesho."

Wimbo ukakatika. Ulipokatika ndipo wote walipojua ulivyokuwa umewajaa masikioni.

"Daktari amesema..."

"Daktari ameogopa. Na mimi nimeogopa, na wote hawa wameogopa. Tumekudanganya. Kesho unayoingojea wewe ndiwe uliyeizuia isije, kwa sababu moyoni mwako unajua itakuja na nini." Akavuta pumzi, na hewa ilikuwa nzito kama ya tanuri. "Sitakwambia amelala. Sitakwambia ametutangulia. Mwanao amekufa, mama. Alikufa kabla hujamleta, na hapakuwa na dawa humu ambayo ingemsaidia, wala hakuna ulichokosea. Amekufa."

"Unajuaje?" Sauti haikuwa tena nzuri. "Unajuaje wewe?"

"Mimi wangu waliniambia amelala. Wa kike, miaka mitatu, ndani ya gari, njiani kwenda hospitali ya mbali. Nilimbeba saa mbili nikimpigia hadithi. Kila mtu garini alijua isipokuwa mimi. Mpaka leo sijawasamehe."

Basi mwanamke akafungua kinywa, na kilichotoka humo hakikuwa kilio kwanza bali upepo, upepo wa moto uliobeba harufu ya mawe na ya waya na ya nywele zinazoungua, ukazizima taa zote za dari moja baada ya nyingine kwa mlipuko, ukavipasua vioo vya dirisha hadi nondo zikaonekana tupu, ukawatupa Mzee Deki na daktari chini ya vitanda, na kuta zikaja kwa kasi, vitanda vikipandana, mama pacha akipiga kelele amewakumbatia wanawe wawili chini ya tumbo lake, bibi amejilaza juu ya mtungi wa oksijeni usianguke, na yule mwanamke akirefuka pale alipoketi, akirefuka mpaka kichwa chake kikajikunja kwenye dari na nywele zake zikashuka kuta zote nne kama maji meusi, na katikati ya hayo yote Mama Chanjo ameketi palepale, amefumba macho, amemshika yule mtoto baridi kifuani, hakimbii kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia, anangoja tu ukuta umguse mgongoni.

Ukamgusa. Ukasimama.

Oksijeni ikatoa mluzi mwembamba wa mwisho.

"Saa ngapi?" mwanamke akauliza. Alikuwa amerudi kuwa mwanamke, ameinama, mikono imeanguka mapajani. "Ninyi huwa mnaandika saa. Andika."

Mama Chanjo akainua macho ukutani. Mshale wa dakika ulitetemeka, ukaruka, na kuta zikaanza kurudi nyuma.

"Saa tisa na dakika thelathini na sita," akasema.

"Na jina lake uliandike."

Akamwinamia sikioni, akamtajia. Mama Chanjo akaliandika kwenye daftari la wodi. Alichukua shuka jipya, lile lililonyooka kama karatasi, akamfunga mtoto kama anavyowafunga wote, miguu kwanza, kisha mikono, uso mwisho, na akamrudishia mama yake. Mwanamke alisimama, akamshika Mama Chanjo shavuni kwa kiganja chenye moto, kisha akatoka kwa mlango kama mtu yeyote. Huko nje kamba ya turubai ikaanguka chini, na fundi akasikika akimalizia tusi alilokuwa ameanza.

"Mtungi!" Mama Chanjo akapiga kelele. "Mzee Deki, mtungi!"

Mzee Deki alizikimbia zile hatua thelathini kwa kishindo cha kifaru, akarudi na mtungi mabegani. Midomo ya mvulana ilikuwa imegeuka rangi. Walimfungia kinyago, wakangoja, bibi akihesabu pumzi kwa kunong'ona, moja, mbili, na kwenye ya saba kile kifua kidogo kikashika mwendo wake. Siku ya tano aliruhusiwa, akatoka kwa miguu yake akidai alibebwa siku ya kuja kwa hiyo na kurudi abebwe.

Waliokuwa nje walisema wodi ilipata hitilafu ya umeme, vioo vikapasuka, dakika moja tu. Waliokuwa ndani hawakubishana nao. Lakini watu walishangaa mama pacha alimalizaje nepi zote kwa alasiri moja, na daktari aliyekuja asubuhi amenyolewa safi alitoka jioni ile na ndevu za siku mbili. Hakurudi kazini. Mzee Deki alirudi. Alihesabu vigae mara tatu, na mara zote akapata thelathini na tisa. Baada ya hapo hakuhesabu tena.

Mama Chanjo aliomba uhamisho. Alama ya kiganja shavuni ilififia, ila kila alipokaribia jiko ilimwasha. Miezi miwili baadaye barua ilitoka: atakwenda kwenye zahanati ndogo ya mbali, chumba kimoja, foleni fupi, hakuna wodi. Alisafiri siku nzima. Asubuhi ya kwanza, saa tatu, jua limeshatoka, alifungua dirisha la chumba chake cha kazi, akapanga kadi mezani, akaita wa kwanza aingie.

Aliingia mwanamume mrefu aliyembeba bibi kizee mgongoni. Nje kulikuwa na tope la mvua ya jana, na viatu vyake vilikuwa vikavu, safi.

"Tumetoka mbali," akasema kwa adabu, akiinamisha kichwa. "Tumeambiwa kuna muuguzi mmoja asiyedanganya. Tukaenda kule, wakasema umehama."

Harufu ya mawe yaliyonyeshewa ikajaa chumbani. Mama Chanjo alitazama nyuma ya yule mwanamume kupitia mlango ulio wazi. Foleni ilikuwa ndefu. Ilipita benchi, ikapita geti, ikafuata barabara mpaka ilipopinda, watu warefu, watulivu, kila mmoja na mgonjwa wake mikononi au mgongoni, na hakuna mguu hata mmoja uliokuwa na tope.

Kisha akavuta daftari karibu, akafungua ukurasa mpya.

"Mweke hapa kitandani, baba," akasema. "Ameanza kuumwa lini?"